Stima, Mkondo na Relei: Uunganishaji wa Vifaa vya Ziada vya Magari katika Gereji za Lurambi

Utangulizi

Gari linalohudumu Lurambi huwa na maisha mawili. Likiwa katika barabara kuu itokayo Kisumu na kupitia mjini Kakamega kuelekea Webuye, hupita juu ya lami na taa lililotoka nazo kiwandani hulitosha. Likiacha lami na kuingia katika vijiji vya Butsotso, hukutana na udongo mwekundu ambao, katika eneo linalopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, huwa tope zito kwa miezi mingi. Huko hakuna taa za barabarani. Pikapu ya mfanyabiashara wa nafaka, trekta la miwa na ambulensi inayomfuata mama mjamzito usiku hutegemea mwanga wanaoubeba wenyewe.

Ndiyo sababu wenye magari huongeza vifaa: taa za masafa juu ya bampa, taa za kufanyia kazi nyuma, honi ya sauti nzito, pampu ya kujazia magurudumu upepo na, kwa mwenye uwezo, winchi ya kujivuta kutoka topeni. Mtindo huu una historia yake nchini. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yalizoeleka kwa safu ya taa kubwa mbele na taa nyingine zilizotokeza ubavuni, karibu na kioo cha mbele, ambazo ziliwashwa hata mchana ili watu na mifugo walione gari kabla halijawafikia. Rhino Charge, mashindano ya nyikani yaliyoanza mwaka 1989, nayo yaliizoesha jamii ya wapenda magari winchi na vifaa vya aina yake. Kilichotazamwa runingani hakikukawia kuombwa kwa fundi wa mtaani.

Fundi huyo ndiye kiini cha makala haya. Masomo ya ufundi wa magari hutahiniwa kwa Kiingereza, na maelezo yaliyomo katika kasha la kifaa huwa kwa Kiingereza, Kijapani au Kichina. Hata hivyo, kazi yenyewe hufundishwa chini ya mti au kando ya barabara, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Lutsotso, na kwa sehemu kubwa kwa kuelekezewa kidole. Makala haya yanaeleza namna swichi na relei zinavyopaswa kuunganishwa ili vifaa vya ziada visiliteketeze gari. Aidha, yanadai kwamba baadhi ya hatari zilizopo zinatokana na neno moja tu la Kiswahili cha Kenya.

Stima: neno moja, maana tatu

Neno lenyewe ni stima. Liliingia katika Kiswahili likitaja meli iendeshwayo kwa nguvu ya mvuke, na nchini Kenya likahamia kwenye umeme. Katika mazungumzo ya nyumbani neno hili halimdhuru mtu. Stima ikipotea, kila mmoja anajua kwamba taa zimezimika. Chini ya boneti ya gari, hata hivyo, neno hilo hubebeshwa mambo matatu yaliyo tofauti kabisa. Fundi husema stima haifiki, stima ni kidogo, stima imezidi, na msikilizaji hana njia ya kujua ni kipi kisichofika, kilichopungua au kilichozidi.

Vitabu vya fizikia vilivyoandikwa kwa Kiswahili vimekwisha kuyatenga mambo haya. Volteji ni msukumo unaoutoa umeme katika betri kuupeleka kwenye kifaa, na hupimwa kwa volti. Mkondo ni wingi wa umeme unaopita katika waya kwa wakati mmoja, na hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni ule ugumu ambao waya, kiungo au kifaa kinaupa mkondo unapopita, na hupimwa kwa omu. Mwenye kuchota maji kwa mpira kutoka kwenye tangi lililoinuliwa juu ya nyumba atauelewa uhusiano huu bila taabu: kimo cha tangi ni volteji, maji yanayotiririka ni mkondo, na wembamba wa mpira ni ukinzani. Mfano huu una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba mpira wa maji haupati moto, bali waya hupata.

Hesabu yake ni nyepesi. Wati za kifaa zikigawanywa kwa volti za betri, jibu huwa ni ampea. Chukua pikapu yenye taa mbili za mbele za wati 60 kila moja. Zikiwashwa pamoja huhitaji wati 120, yaani ampea 10 kwa betri ya volti 12. (Volti 12 ni jina tu, injini inaponguruma hukaribia 14, lakini jina linatosha kwa hesabu ya gereji.) Mtengenezaji ameziwekea fyuzi ya ampea 15 na waya unaolingana nayo. Mwenye gari analeta taa mbili za ziada, za wati 55 kila moja. Njia fupi ni kuuchuna waya wa taa za zamani, kuufunga waya mpya juu yake na kuzungushia teipu. Taa zote nne zinawaka na mwenye gari anafurahi. Mkondo katika waya ule wa zamani sasa ni ampea 19 na kitu.

Baada ya muda fyuzi inaungua. Inawekwa nyingine, nayo inaungua. Hapa ndipo neno stima linapofanya uharibifu wake. Fundi anatamka kwamba stima imezidi kwa fyuzi hii, na kwa kuwa kosa limekwisha kuwekwa kwenye fyuzi kwa maneno, tiba nayo inawekwa pale pale: fyuzi ya 15 inatolewa, ya 30 inatiwa. Haiungui tena. Hakuna aliyeuliza ni kipi kilichozidi na kimezidi wapi. Angaliuliza, jibu lingalikuwa kwamba mkondo umezidi uwezo wa waya. Joto linalozalishwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Kutoka ampea 10 hadi 19, joto limekaribia kuongezeka mara 4 katika waya ule ule, unaopita nyuma ya dashibodi pamoja na nyaya nyingine kumi. Fyuzi haikuwekwa kuilinda taa, kama wengi wanavyodhani. Iliwekwa kuulinda waya, iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Kwa kutia fyuzi ya 30, fundi ameufanya waya mzima kuwa fyuzi.

Maana ya kupokezana

Njia salama ni kuzipa taa mpya njia yao wenyewe, nene na fupi, na kuiachia swichi ya dashibodi kazi ya kuamrisha tu. Kifaa kinachowezesha jambo hili huitwa relei.

Historia ya neno hili inafaa kujulikana na mwanafunzi wa lugha, kwa kuwa inaeleza kifaa kuliko michoro mingi. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, ambako lilitaja mbwa wa kuwinda au farasi waliowekwa tayari njiani ili kuwapokea wenzao waliochoka. Mjumbe aliyebeba barua alifika kituoni juu ya farasi anayetweta, akampanda mwingine aliyepumzika na kuendelea. Ujumbe ulikuwa ule ule. Nguvu ndiyo iliyokuwa mpya. Mnamo mwaka 1835, mwanasayansi wa Marekani, Joseph Henry, alitumia sumaku ya umeme kufanya jambo la namna hiyo kwa mkondo: umeme dhaifu uliowasili kupitia waya mrefu uliifunga sakiti ya pili iliyokuwa na betri yake yenyewe. Simu za maandishi zilizofuata zilitegemea wazo hilo ili ujumbe uvuke masafa marefu. Kiswahili kina taswira iyo hiyo viwanjani. Katika mbio za kupokezana vijiti, kijiti husafiri mita 400 lakini hakuna mkimbiaji anayechoka kwa mita zote 400.

Katika gari, mkondo mdogo unaotoka kwenye swichi ndio mjumbe aliyechoka. Ndani ya kijisanduku cha relei mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi juu ya kipande cha chuma. Mkondo ukipita katika koili, chuma hicho huwa sumaku na kuvuta ulimi wa chuma ulio karibu nacho. Ulimi ukivutwa huvigusanisha vipande viwili vya metali, na sakiti ya pili hufungika. Mkondo wa koili ukikatika, sumaku hufa, springi huurudisha ulimi mahali pake, na sakiti ya pili hukatika. Sakiti hizo mbili hazichanganyiki hata kidogo, kwani kinachovuka baina yake ni amri tu.

Tofauti ya ukubwa wa mikondo hiyo ndiyo faida yote. Koili yenye ukinzani wa omu 80 hupitisha ampea 0.15 tu. Vipande vinavyogusana, katika relei za kawaida zinazouzwa madukani, huhimili ampea 30 au 40. Hivyo basi, swichi ndogo ya dashibodi, yenye waya mwembamba usiopata hata uvuguvugu, huamrisha mkondo mara mia ya ule unaopita ndani yake.

Iko faida ya pili inayosahaulika. Taa zikiwashwa kwa waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba unaotoka kwenye betri, kuingia ndani kwenye swichi na kurudi mbele, safari ya mita 6 hivi, volti 1 nzima hupotea njiani kwa mkondo wa taa zetu mbili. Balbu ya kawaida ikipungukiwa volti 1 hupoteza takriban robo ya mwanga wake. Mwenye gari amenunua taa za kumwonesha shimo lililo mbali, kisha ameiacha robo ya mwanga ndani ya waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba, wenye urefu wa mita 2 kupitia relei iliyo karibu na betri, hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya volti. Fundi anayesema stima ni kidogo, akashauri betri ibadilishwe, amemtia mteja gharama kwa kosa la waya.

Je, neno relei libaki au litafutiwe badala? Waundaji wa istilahi wangeweza kupendekeza kipokezi, lakini neno hilo lina kazi katika mambo ya redio na mawasiliano, ambako hutaja chombo kinachopokea. Kipokezanishi lingeieleza kazi vyema, ila ni vigumu kumfikiria fundi aliyelala chini ya gari akililia jina hilo kwa msaidizi wake. Ni afadhali relei libaki kama yalivyobaki swichi, fyuzi na betri, mradi dhana ya kupokezana ifundishwe pamoja nalo.

Tarakimu za Kijerumani

Mwanagenzi akiigeuza relei hukuta miguu minne au mitano ya metali, na kando ya kila mguu tarakimu: 30, 85, 86, 87 na wakati mwingine 87a. Tarakimu hizi hukaririwa gerejini jinsi wasiojua Kiarabu wanavyoweza kukariri herufi zake, kwa sauti bila maana. Si namba za kiwanda wala ukubwa wa kitu. Zinatoka katika kiwango cha Ujerumani kiitwacho DIN 72552, kilichovipa vituo vya umeme vya gari namba maalumu ili fundi wa nchi yoyote avitambue bila kuhitaji lugha. Katika kiwango hicho, 30 ni umeme utokao betri moja kwa moja, 15 ni umeme unaopatikana baada ya ufunguo kuzungushwa, na 31 ni njia ya kurudi betri. Ni msamiati kamili, wenye sintaksia yake, ambao unazungumzwa Lurambi kila siku na watu wasiojua kwamba wanauzungumza.

Tafsiri yake kwa relei ni hii. Mguu wa 30 hupokea mkondo mkubwa kutoka betri. Mguu wa 87 huupeleka kwenye kifaa. Miguu ya 86 na 85 ni ncha mbili za koili: ya kwanza hupokea amri kutoka swichi, ya pili huirejesha kwenye bodi ya gari. Katika relei nyingi ncha hizi zaweza kubadilishana, lakini zipo zenye dayodi ndani, ya kuzima mruko wa volteji unaotokea koili inapokatiwa mkondo, na hizo hazivumilii kugeuzwa. Ni heri kuzifuata namba daima. Mguu wa 87a ndio mtego. Huo umeungana na 30 wakati relei imelala, na huachana nayo relei inapoamka. Aliyeunganisha taa hapo kwa kudhani kwamba herufi a ni pambo atakuta zinawaka swichi ikiwa imezimwa, na asubuhi gari halitaitikia ufunguo.

Njia ya mkondo kutoka betri hadi bodi

Kazi huanza kwenye betri, na kitu cha kwanza baada ya betri ni fyuzi. Iwe karibu, ndani ya urefu wa kiganja ikiwezekana, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Waya huo ukisuguliwa na chuma chenye ncha kali hadi ukapiga shoti, hakuna kitakachoukata isipokuwa moto. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea 9 na kitu. Fyuzi ya 15, ambayo huwa ya rangi ya bluu, na waya wa milimita 2.5 za mraba vinafaa. Rangi hizi nazo ni lugha: nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kutoka fyuzi waya huingia mguu wa 30, hutokea 87, huenda kwenye taa, na kutoka taa hurudi kwenye bodi.

Swichi ya dashibodi haihitaji kuchukua umeme wake kutoka betri moja kwa moja. Ikichukua katika njia ya 15, taa zitazimika zenyewe ufunguo ukiondolewa. Kwa taa za masafa liko jambo bora zaidi, nalo ni kuiongoza swichi kwa waya wa taa kali za mbele, ili dereva anapozishusha kumstahi anayekuja, zile za ziada nazo zizimike papo hapo. Baina ya Lurambi na mjini, ambako bodaboda na watembea kwa miguu hushiriki ukingo mmoja wa lami, mwanga wa taa hizo machoni waweza kuua.

Kuhusu njia ya kurudi, mafundi husema ethi. Neno hili lilitoka kwenye umeme wa majumbani, ambako waya huo hasa huzikwa ardhini. Gari limesimama juu ya mpira. Hakuna mkondo unaoshuka udongoni. Unaporudi, unapita katika bodi na chesisi hadi ncha hasi ya betri. Mwanagenzi aliyefunzwa kwamba stima inaishia kwenye ethi haoni sababu ya kuhangaika na kiungo hicho. Hufunga skrubu juu ya rangi na kutu, kisha hushangaa taa zikififia. Mkondo unaorudi ni mwingi sawasawa na uliokwenda, na unadai njia nzuri sawasawa. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, skrubu ikazwe, kisha pakwe grisi ili maji yasirudishe kutu. Kwa hali ya hewa ya Kakamega, relei nazo zifungwe miguu ikitazama chini, maji yadondoke badala ya kujikusanya.

Taa za LED zimepunguza uzito wa suala hili, kwani hutoa mwanga mwingi kwa wati chache. Hata hivyo, mwamba mrefu wa taa hizo wenye wati 180 bado huvuta ampea 15. Winchi ni habari nyingine kabisa. Inapovuta mzigo mkubwa yaweza kuhitaji hadi ampea 400, mkondo ambao ungeiyeyusha relei ya kawaida. Ndiyo maana huja na swichi yake kubwa ya sumaku na nyaya nene kama kidole, na haifai kuunganishwa kupitia kitu kingine chochote.

Kusikiliza relei

Relei ina sifa moja inayomsaidia fundi asiye na kipimo: husikika. Ulimi unapovutwa hutoa mlio mdogo, tak, ambao mwenye kuweka kidole juu ya kijisanduku huuhisi hata injini ikinguruma. Taa zisipowaka, swali la kwanza ni kama mlio huo upo. Ukiwapo, amri imefika na koili ni nzima; kosa litafutwe upande wa 30 na 87, yaani fyuzi, waya mnene, balbu au njia ya kurudi. Usipokuwapo, upande wa mkondo mkubwa uachwe kwanza, na uchunguzi uelekezwe kwenye 86, 85, swichi na kiungo cha bodi. Mafundi wenye uzoefu hufanya hivi bila kukieleza. Mwanagenzi anayewatazama huona mkono uliowekwa juu ya relei kwa sekunde moja, kisha bisibisi ikielekea mahali panapostahili, na hudhani ni kipaji.

Kumweleza kunahitaji sentensi mbili za Kiswahili, mradi ziwe na mkondo mahali pa mkondo na volteji mahali pa volteji. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho papo hapo Lurambi, kina wanafunzi wa uhandisi na wanafunzi wa Kiswahili katika ua mmoja. Kazi ndogo inayowasubiri ni karatasi moja ya kubandikwa ukutani gerejini, yenye mchoro wa miguu mitano na maelezo yasiyotumia neno stima. Ndogo zaidi ya hiyo, na isiyohitaji kamati, ni kalamu ya wino usiofutika: ndani ya kifuniko cha sanduku la relei, fundi aandike kwa mkono wake kila relei ni ya kifaa gani na fyuzi yake ni ya ampea ngapi, ili atakayekifungua usiku, mvuani, njia ya Navakholo, asome *taa za bampa, 15, bluu*, na asiweke 30.